Mfano Rasmi wa Asiyejua

Jumatatu, 3 Juni

Nimepandishwa cheo. Kuanzia leo mimi, Wyson Mangulenje, afisa tabibu wa wodi ya wazazi, Hospitali ya Wilaya ya Mkumbira, ni mfano rasmi wa mtu asiyejua.

Sitanii. Mganga mkuu wa wilaya ametutangazia asubuhi, baada ya sala na wimbo. Umekuja mradi wa kutunoa sisi tunaozalisha na kupasua watu bila kuwa madaktari wa chuo kikuu. Wilaya saba zitafundishwa, nyingine saba hazitafundishwa. Mwezi ujao watakuja wapimaji, watulinganishe, waone kama mafunzo yanasaidia. Majirani zetu wa Chilasanje wanafundishwa. Sisi ni wa kulinganishwa nao. Yaani kuna watu Lilongwe wamekaa kikao, wakanywa chai na mandasi, wakahakikisha kwamba mimi nabaki mjinga kwa kiwango kinachotakiwa.

Sista Fyness Gondwe, mkunga mkuu wetu, kafurahi. Alinivuta pembeni akanieleza kama anavyomweleza mtoto. Wa Chilasanje wakionekana wamepanda na sisi tukaonekana tupo palepale, mwakani mradi unakuja kwetu: wakunga wote, mimi, hadi zahanati za milimani. Kwa hiyo nitulie. Nisijifanye mjuaji. Akasema kazi yangu ni moja tu, kutojua, na hiyo ana imani nitaiweza.

Najua kwa nini anautaka huo mradi. Mwezi uliopita alizaliwa mtoto wa kike, kanyamaza kimya. Mfuko wa kupulizia hewa tulikuwa nao. Hakuna kati yetu aliyejua kile kibarakoa chake kinashikwaje ili hewa isivuje. Sista Fyness hataji habari zake. Mimi pia sitaji.

Jioni kapiga simu Lameck Namakhwa. Lameck ni afisa tabibu wa Chilasanje. Tulisoma darasa moja, na tangu hapo hanipigii mpaka apate kitu. Amechaguliwa. Fulana ya mradi ameshaivaa. Kaniuliza, kwa huruma kabisa, eti ni kweli sisi ndio kile kikundi kingine? Kile kikundi kingine! Kama anataja upele.

Hapana. Haiwezekani!

Jumatano, 5 Juni

Nimepata njia. Mafunzo yanaanza Jumatatu katika ukumbi wa kanisa, Chilasanje. Nitahudhuria. Mwaka huu wa majaribio kila wilaya inatoa mtu mmoja tu, walimu wanatoka mbali, nani atanijua? Nitajifunza yote, halafu wapimaji wakija nitamwacha Lameck hoi mbele ya nchi nzima.

Kilichobaki ni ruhusa ya wiki. Hapa kwetu ruhusa pekee isiyokataliwa ni ya msiba. Kwa hiyo leo saa nne nimemuua Mjomba Jailosi. Samahani, Mjomba. Nilipokuwa chuoni nilimuua pia na hakulalamika.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa! Nilisahau kwamba watu wa hospitali hii wana utu.

Mganga mkuu kaniita, kanishika bega, kasema gari la wagonjwa litatupeleka mazishini. Kwaya ya wauguzi imeshachagua nyimbo. Fundi wa hospitali anauliza marehemu alikuwa na urefu gani, maana mbao anazo.

Nimejitetea kwamba Mjomba kafia ng'ambo ya mpaka, Msumbiji, na njia ni mbaya. Nikasema pia alikuwa mfupi sana, sijui kwa nini. Basi wakasema kama hawawezi kwenda wao, rambirambi itakwenda. Mchana wameniletea maharage na mfuko wa unga wa mahindi. Unga ni wa Sista Fyness, wa shamba lake mwenyewe. Nimelia kidogo kwa aibu. Wakadhani ni uchungu, wakaongeza chumvi na sabuni.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeingia! Tena kwa mlango wa mbele.

Mezani kulikuwa na vitambulisho vya kuvaa shingoni, jina la kila mtu, isipokuwa langu. Ndipo mwalimu mkuu, mama wa Zomba, mnene, asiyecheka, akauliza nani atatufungulia kwa sala. Watu wakaangalia viatu vyao. Nikasimama. Nimeombea walimu, mradi, wilaya moja moja, tanuri la jikoni na dereva. Niliposema amina ukumbi mzima ulinishukuru. Mtu aliyewafungulia kwa sala, nani atamuuliza ametoka wapi?

Lameck ataniuliza. Alikuwa kasimama mlangoni na fulana yake, mdomo wazi. Nikajua nimekwisha. Lakini badala ya kunichoma kaninong'oneza niende naye nje. Ana mashine ya kusaga. Mkanda wake umekatika, watu ndio wametoka kuvuna, akina mama wamepanga foleni na ndoo zao tangu alfajiri. Akiwa hapa wiki nzima wateja wote watahamia mashine ya shemeji yake. Akaniita achimwene, kaka yangu kabisa, neno ambalo hajanitamkia tangu chuoni. Akavua kitambulisho chake akanivisha mimi.

Kwa hiyo mimi ni Lameck. Mchana tumekula nsima, ugali wetu, kwa chambo, samaki mnono wa ziwani. Nyumbani wanakula usipa, yaani dagaa.

Jumatano, 12 Juni

Leo wanasesere. Kila mtu kapewa mtoto wa mpira asiyepumua.

Nilidhani ni mchezo. Mama wa Zomba kanitazama kidogo tu, kaniambia ninaubana mfuko kama ninakamua ndimu. Mtoto hahitaji dhoruba, anahitaji pumzi. Kichwa kisiinamishwe wala kisivutwe nyuma, kikae kama mtu anayenusa mboga jirani anapopika. Kibarakoa kifunike kidevu, mdomo na pua, macho kiyaache. Vidole vishikilie taya. Kifua kikipanda, umefika. Kisipopanda, usiongeze nguvu, rekebisha kichwa. Na yote hayo dakika ya kwanza haijaisha.

Mara ya tano kifua cha yule mpira kilipanda. Nikamkumbuka yule wa mwezi uliopita. Nikatoka nje nikasingizia mafua.

Niliporudi mama wa Zomba akawaambia wote watazame hapa, Lameck ana mikono ya kazi hii. Lameck! Maisha yangu yote sijawahi kusifiwa hivyo, na siku nimesifiwa, sifa imeenda mashineni kusaga mahindi.

Ijumaa, 14 Juni

Nimekuwa wa kwanza. Cheti kina muhuri wa dhahabu na jina la Lameck Namakhwa.

Mwenyewe kafika dakika ya picha, wengine wote wameshapanda gari, unga umemjaa masikioni. Kasimama katikati ya ukumbi na cheti. Mimi ndiye niliyepiga picha.

Sawa, acheke. Wapimaji ni watu wengine kabisa, wameletwa tofauti na walimu ili haki itendeke. Wataona.

Jumapili, 23 Juni

Mikono isipozoeshwa inasahau, na mimi mwanasesere sina. Nina mfuko wa unga wa rambirambi, ambao ukiufunga kwenye chitenje, kitenge cha mke wangu Enifa, unakuwa mzito kama mtoto hasa. Tangu Jumatatu nakwenda nao nyuma ya wodi, naulaza, naukausha, naukanda mgongo, nauvalisha kibarakoa, napuliza.

Nilidhani niko peke yangu. Kumbe nyuma ya wodi ndipo wanapopikia akina mama wanaouguza wagonjwa. Wameniona wiki nzima. Leo mmoja wao, bibi mwenye kilemba cha njano, kamfuata Sista Fyness akamwambia huyu daktari wenu msiba umempanda kichwani. Analea unga wa matanga. Anaubusu. Jana aliuambia usife.

Sikuubusu. Hilo la pili ni kweli.

Sista Fyness kaniletea kikombe cha thobwa, kinywaji baridi cha kimea, akakaa nami. Kisha akaniuliza kama Mjomba ndiye aliyenilea. Nikasema ndiyo. Jioni mchungaji kafika nyumbani. Enifa, ambaye juzi tu kaongea na Mjomba kwenye simu, alimkaribisha mchungaji viazi na kunitazama mimi kwa namna ambayo siipendi.

Jumatatu, 8 Julai

Wapimaji wanakuja kesho. Leo asubuhi, povu la sabuni likiwa shavuni na wembe mkononi, jambo limenijia ghafla: nikifaulu, tumekwisha!

Asiyefundishwa akifaulu, mafunzo ya nini? Mwakani hawaji. Sista Fyness hapati kitu, zahanati hazipati kitu, na mimi sipati cheti chenye jina langu. Mwezi mzima nimekuwa nikinoa panga la kujikatia mguu.

Basi nitashindwa. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nina namna sita za kushika kibarakoa vibaya, na ile ya kukivalisha kisogoni imenipendeza zaidi. Hakuna atakayeshindwa vizuri kama mimi. Kuhusu Lameck, ambaye atapimwa keshokutwa na hajui hata mtoto ana kichwa upande gani, niliwaza kidogo, nikaona hilo ni shauri lake.

Jumanne, 9 Julai

Ni usiku sana. Nitaandika hivyohivyo.

Mpimaji ni Daktari Tamara Msiska, mwembamba, miwani, saa ya kuhesabia sekunde imening'inia shingoni. Kanipa mwanasesere, akasema anza. Nilikuwa bora kuliko nilivyotarajia. Nilimshika mguu mmoja kama kuku. Nikamvalisha kibarakoa kwenye paji la uso. Nikauliza mfuko unafunguliwa wapi. Daktari Msiska alikuwa anaandika huku anapumua kwa shida. Pembeni Sista Fyness alitazama dari, na nikamwona anatabasamu. Mara ya kwanza ananionea fahari.

Ndipo chumba cha pili mkunga akaniita. Hakuita kwa kelele. Aliita kwa ile sauti ya chini tunayoijua.

Mtoto alikuwa ametoka, wa kike, rangi ya majivu, kalegea kabisa. Mama yake, binti mdogo, anauliza mbona halii, mbona halii. Bibi mwenye kilemba cha njano, kumbe ndiye nyanya yake, kasimama mlangoni kashika mdomo. Na nyuma yangu nikasikia ile saa imebonyezwa. Daktari Msiska alikuwa amenifuata.

Nilijua kabisa anatazama. Nilijua nikifanya vizuri nini kitapotea. Nasema ukweli, kwa kuwa kitabu hiki hakisomwi na mtu: sikuchagua. Mikono ilikwenda yenyewe. Nikamkausha, nikamkanda mgongo, kimya. Nikamlaza, kichwa sawa, kibarakoa juu ya kidevu, taratibu. Kifua hakikupanda. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikarekebisha kichwa kidogo tu. Kikapanda. Kikapanda tena. Kisha akakunja uso, akatukasirikia wote, akalia.

Yule bibi alipiga vigelegele mpaka wagonjwa wa wodi ya wanaume wakaja kuchungulia. Akasema sasa ameelewa, kumbe ule unga ulikuwa maombi.

Daktari Msiska kafuta kila alichoandika. Kasema wanasesere huwaogopesha watu wengine, yeye ataandika alichokiona kwa mtoto wa kweli. Kaniuliza nimejifunzia wapi. Nikasema nimezaliwa na kipaji hicho.

Sista Fyness alitazama mikono yangu kwa muda mrefu. Kisha akaenda kunawa.

Mtoto kapewa jina. Anaitwa Tamara. Jina la mwenye saa.

Ijumaa, 26 Julai

Majibu yametoka. Mganga mkuu kayasoma mbele ya wote, baada ya sala na wimbo.

Katika wilaya zote kumi na nne, aliyefanya vizuri kuliko wote ni wa kikundi kisichofundishwa: Wyson Mangulenje, Mkumbira. Makofi. Aliyefanya vibaya kuliko wote ni mtu aliyefundishwa, tena aliyeongoza darasa lake: Lameck Namakhwa, Chilasanje, aliyempulizia mwanasesere tumboni, na alipoambiwa arekebishe akamgeuza kifudifudi. Kwa hiyo mradi unajiuliza. Kama aliyeongoza darasa hajui, na anayejua alikuwa Msumbiji anazika mjomba, basi mafunzo hayana maana. Mpango wa mwakani umesimamishwa. Ila kwa kuwa alama za Namakhwa ni za ajabu mno, watampima upya Jumatano ijayo. Akifaulu, mpango unaendelea. Akianguka tena, wanafunga virago.

Wenzangu waliendelea kupiga makofi, kisha mmoja mmoja wakaelewa wanapigia nini, wakaacha. Sista Fyness hakupiga kabisa.

Jumamosi, 27 Julai

Asubuhi Sista Fyness kaja nyumbani kuniuliza jambo. Hajakaa vizuri, hodi mlangoni. Marehemu Mjomba Jailosi. Anang'aa kwa afya, jogoo kwapani. Akajitaja jina kabla sijamzuia: kasikia mimi ni bora nchi nzima, kaja kunipongeza. Halafu ni mrefu kama mlingoti!

Sista Fyness alisimama, akamwamkia kwa kupiga goti kidogo kama inavyopasa, akamuuliza alisafiri salama. Mjomba akasema salama tu. Akamuuliza na huko alikokuwa, watu ni wazima? Mjomba akasema wazima wote, wanasalimia. Enifa aliingia jikoni mbio akafunga mlango. Nilimsikia anacheka.

Kisha tukabaki wawili. Kaniuliza nilikuwa wapi wiki ile ya unga. Nikamwambia yote, hadi mashine ya Lameck. Nilitaka anifokee. Hakunifokea. Alisema, "Ule unga nilipunguza wa wanangu, Wyson." Halafu akasema, "Ulikwenda ukasoma peke yako, ukarudi ukatufungia mlango sisi wote. Wiki nzima uko nyuma ya wodi unaufundisha unga! Mimi nilikuwa hatua chache tu. Hukuweza kuniita?"

Nikamwomba msamaha.

Kaniambia mambo mawili. Kesho jioni nilete ule unga wodini, wakunga wote watakuwepo. Na Jumatatu nimpigie Daktari Msiska nimwambie ukweli, maana nikisema, kila kitu kinanyooka: itajulikana aliyefaulu ndiye aliyefundishwa na aliyeanguka alikuwa anasaga mahindi. Nikamwapia. Niliapa kwa dhati kabisa.

Jumapili, 28 Julai

Nimewafundisha. Sista Fyness kaushika mfuko wa hewa, mara ya kwanza akakamua ndimu, mara ya pili akapata. Akarudia mpaka giza likaingia. Alipomaliza aliuweka ule unga chini polepole, kama mtu anayeogopa kuuamsha. Hakusema kwamba amenisamehe. Kaniambia tu nimefundisha vizuri, kwa jina langu mwenyewe.

Nimekuwa mtu mpya. Kesho nampigia Daktari Msiska.

Jumatatu, 29 Julai

Nilikuwa nimeshika simu, naapa, nimeshatafuta namba yake, ndipo Lameck akapiga.

Analia. Akianguka Jumatano ananyang'anywa cheti na kazi pia iko mashakani. Kaniita achimwene mara nyingi mno. Anauliza: si niende tena?

Nilitaka kumkatalia. Lakini nimekaa nikalipiga hesabu hili jambo kwa utulivu, na kwa kweli ni zuri ajabu! Nikienda mimi kama Lameck, Lameck anafaulu. Lameck akifaulu, mafunzo yana maana. Mafunzo yakiwa na maana, mpango unaendelea, mwakani zamu yetu, Sista Fyness anapata alichotaka. Hakuna anayefukuzwa, na hakuna haja ya ukweli kabisa. Kwa nini tumsumbue Daktari Msiska na mambo ya zamani?

Ruhusa nimeshapata. Nimemuua Shangazi Esnath. Mganga mkuu hakunishika bega safari hii, ila kasaini.

Enifa, ambaye kazi yake ni kutafuta kasoro, anasema Daktari Msiska amekaa na mimi chumba kimoja, na amekaa na Lameck chumba kimoja, na ana miwani. Nimemwambia tangu jana sijanyoa. Kanishika kidevu akasema hizo si ndevu, huo ni ukungu wa mkate. Mjomba Jailosi, ambaye bado yupo na anamalizia jogoo wake, naye kacheka.

Wacheke tu. Wamesahau kwamba katika nchi hii hakuna shughuli inayoanza bila sala, na nimeshamwambia Lameck apige simu aombe sala ya kufungua aongoze yeye, yaani mimi. Watu wakisali hufumba macho. Nitasali mpaka mtihani uishe.